Bolti za Mwisho

Fundi hakuanza na spana. Alichomeka mtarimbo kati ya amu ya chini na chasisi, akausukuma taratibu, na bushi ya nyuma ikafunguka kama mdomo. Raba ilikuwa imechanika hadi kwenye chuma.

"Umeiona, kaka?" Ndipo akamwagiza kijana wake jeki.

Toyota yangu ikakalishwa kwenye stendi, gurudumu likatolewa. Bolti za amu zilikuwa na kutu. Dar es Salaam chumvi haina huruma. Akazisugua kwa brashi ya waya, akazinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, akaziacha ziloe. Akanywa chai yake yote. Nimeshaona bolti zikikatikia ndani kwa kunyimwa dakika hizo.

Boljointi ndiyo iliyonivutia zaidi. Mguu wake umechongoka kama pia na umejikaba ndani ya chuma kinachobeba gurudumu. Hata nati ikilegea, haubanduki. Akachomoa kotapini, akairudisha nati nyuma bila kuitoa, kisha akapiga ubavu wa kile chuma, si boljointi yenyewe, kwa nyundo nzito. Pigo la tatu likalia tofauti. Mguu ulikuwa umeachia. Akafungua bolti, amu kuukuu ikatoka.

Amu mpya haikutoka Toyota wenyewe, ni ya kiwanda kingine, kwa bei niliyoimudu. Kwa hiyo akailaza kando ya ile kuukuu juu ya gunia, akapitisha bolti zilezile kwenye matundu, akapima kwa futi kutoka bushi hadi boljointi. Zililingana. Akaipachika, akazungusha bolti kwa vidole tu.

Nilidhani sasa atakaza. Wapi! Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma ndani na nje. Amu ikipanda na kushuka, raba ndiyo inayojisokota. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishuka raba inabaki imesokotwa hata likiwa limeegeshwa, na haichukui muda kuchanika. Kwa hiyo akaweka jeki chini ya amu, akapandisha kidogo kidogo, shavu karibu ligusane na sakafu, hadi akaona mwanga mwembamba kati ya gari na stendi. Uzito ulikuwa umehamia kwenye amu. Akachukua spana ya kupimia nguvu, akavuta polepole mpaka ikalia "tik". Akaweka alama ya chaki kwenye kichwa cha bolti.

Akahamia ya pili.