Sifa ya Kuchambua Nambari

Sensa ya Agosti 2019 iliikuta Kaunti ya Nyamira ikiwa na watu 605,576, wakiwemo wa Nyansiongo na mashamba ya chai yanayouzunguka mji huo. Wapangaji wa maendeleo hutoa katika nambari hiyo idadi ya zahanati na madarasa. Mimi naipendea jambo jingine: inafaa mno kuonyeshea ustadi wa kuichambua nambari kubwa, kwa kalamu na karatasi tu, hadi vigawo vyake tasa, yaani vile visivyogawika ila kwa moja na kwa vyenyewe.

Fundi huanza kwa jicho. Tarakimu tatu za mwisho ni 576, nayo ni 8 mara 72. Na kwa kuwa 1,000 hugawika kwa 8, nambari nzima hugawika. Inabaki 75,697. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 34, basi 3 haiingii. Haiishii kwa 0 wala 5, basi 5 nayo imetoka. Kuanzia hapo kazi ni ya mchuma chai: mche kwa mche, bila kuruka. 7 inabakiza 6. 11 inabakiza 6. 13 inabakiza 11. 17 inabakiza 13. 19 inabakiza 1, na moyo unashtuka kwa jinsi ilivyokaribia. Twende hivyo hadi 53, zote zikikataa. Kisha 59 inaingia bila baki: 1,283.

Je, 1,283 ni tasa? Mgeni wa kazi hii angeanza kugawa upya. Fundi huweka kalamu chini. Kigawo chochote tasa cha 1,283 kilicho chini ya 59 kingeigawa 75,697 pia, na vyote vilishakataa. Nambari mbili zisizopungua 59 zikizidishwa, huzaa 3,481 au zaidi. Basi 1,283 ni tasa, na jibu ni 2 × 2 × 2 × 59 × 1,283. Atakayefanya kazi hiyo Nyansiongo au Maskati, leo au karne ijayo, atafika hapo hapo; hakuna mchanganyiko mwingine wa nambari tasa unaoizaa 605,576.

Nambari zikirefuka, hata mashine hulemewa. Mwaka 2020 watafiti waliichambua nambari moja yenye tarakimu 250, kwa kompyuta nyingi zilizofanya kazi pamoja. Ugumu huo ndio unaolinda siri nyingi za intaneti.

Lakini uzuri wa ustadi huu naukuta katika ile mistari iliyoonekana kushindwa. Kila baki lilikuwa ushahidi, na ushahidi huo ndio uliotamka kuwa 1,283 ni tasa. Kwa hiyo namwomba mwalimu anayesahihisha daftari la hesabu: usimwambie mwanafunzi afute majaribio yaliyokataa. Akiyafuta, anabaki na jibu asiloweza kulithibitisha.