Heko, Fundi wa Kompyuta

Kilaptopu changu cha inchi 10 kiligoma asubuhi moja: taa ya chaji inang'aa, feni inavuma, kioo cheusi tii. Ndani yake mlikuwa na picha za marehemu mama. Nikakipeleka Kariakoo, kwenye kibanda chenye meza moja.

Fundi hakukimbilia bisibisi. "Kilianguka? Kilimwagikiwa maji? Umeme ulikatika ukikitumia?" Kisha akachomoa chaja na betri, akabana kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliosalia uishe. Kimya. Akafungua mfuniko, akatoa kibao cha RAM, akasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, akakirudisha hadi kikalia "ta!" Kioo kikawaka, ila mfumo ukagoma kupanda.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Wapo ambao wangepiga Windows upya papo hapo na kufuta kila kitu. Yeye alichomeka flashi yenye Linux, akakiwasha kutokea humo, akanakili picha zote kwanza. "Mashine inanunulika, kaka," alisema bila kuinua macho. "Picha hizi zinauzwa duka gani?"

Basi heko kwenu, mafundi wa vibanda, mnaouliza kabla ya kufungua na kuokoa kabla ya kutengeneza. Ujira wenu tunaubishia hadi shilingi ya mwisho. Tulichorudishiwa, hakuna aliyewahi kukipangia bei.