Uongozi wa Mwalimu na wa Mwanafunzi katika Ufundishaji Mtandaoni: Uhakiki kwa Kurejelea Mwanza

Tangu mtaala wa sekondari nchini Tanzania uelekezwe kwenye ujenzi wa umahiri mwaka 2005, mhadhara umechukuliwa na wengi kuwa mbinu iliyopitwa na wakati, na mbinu shirikishi kuwa tiba yake. Ufundishaji mtandaoni umerithi mgawanyo huo bila kuuhoji. Sehemu hii inadai kwamba swali la msingi si nani anazungumza zaidi, bali ni nani anayeachwa nje.

Hoja ya Paulo Freire dhidi ya elimu inayomgeuza mwanafunzi kuwa chombo cha kuwekea maarifa ina uzito. Hata hivyo, wanaoitumia kuufuta mhadhara mtandaoni husahau mazingira. Mjadala wa video hula bando na huhitaji mtandao tulivu kwa saa maalumu. Mwanafunzi wa Ukerewe anayetegemea simu anaweza kupakua mhadhara wa sauti na kuurudia. Mjadala ukimpita, umempita. Hivyo, uongozi wa mwanafunzi huweza kugeuka uongozi wa wenye bando, na ukimya wa wengine ukahesabiwa kuwa uvivu. Kwa upande mwingine, mhadhara uliorekodiwa hauoni uso wa asiyeelewa.

Mvutano huu si mgeni. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioanza mwaka 1968 kwa ushirikiano na UNESCO na kuwa na makao yake Mwanza, ulifundisha kusoma kupitia pamba, uvuvi na migomba. Mwalimu aliongoza hatua za usomaji, lakini mwanafunzi aliijua kazi iliyosomwa. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, redio ilieleza, kisha vikundi vya wasikilizaji vikajadili na kuamua hatua za kuchukua kijijini, ukiwemo uchimbaji wa vyoo. Udhaifu wa mipango yote miwili ni kwamba mada zilipangwa na wataalamu.

Kwa hiyo, mizania si kugawa muda nusu kwa nusu. Mwalimu aongoze ufafanuzi kwa rekodi fupi. Wanafunzi waongoze mjadala kwa maandishi, kwa siku kadhaa, au katika vikundi vya jirani. Na maswali yao yaamue mhadhara unaofuata. Redio ya mwaka 1973 haikuweza kumsikia msikilizaji wake papo hapo. Mtandao unaweza, na mwalimu asiyeutumia hivyo anaendesha redio tu.