Sifa za Fundi wa Uzi

Mwaka 1906 mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alitoka Lindi kwa miguu hadi Masasi, na baadaye akapanda Newala. Mizigo yake ilisafiri vichwani mwa wapagazi. Miaka arobaini na ushei baadaye Waingereza wakaleta mradi wa karanga Nachingwea, wakaleta na reli. Karanga zikakataa, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo saruji, dizeli, madaftari ya shule na magunia ya korosho, vyote vinapita juu ya matairi.

Ndiyo maana nataka kumsifu mtu ambaye hasifiwi: fundi anayepiga alaimenti, yaani anayenyoosha mwelekeo wa matairi ya gari. Wateja humlipa wakinung'unika, kwa sababu kazi yake haionekani. Ukifungiwa injini mpya unasikia mlio. Ukipigiwa rangi, majirani wanaona. Huyu akimaliza, gari ni lile lile la asubuhi, ila sasa linakwenda unakolielekeza.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua tairi la mbele lililokaa nusu digrii nje ya mwelekeo wake. Kwa jicho tu hutaligundua. Lakini kila kilomita moja linaburuzwa kiubavu karibu mita 9. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala ina kilomita 210. Ukiimaliza, tairi hilo limeburuzwa karibu kilomita 2, na mpira uliobaki njiani umeununua wewe. Lami ya barabara hiyo ilianzia Mtwara ikaishia Mnivata, kilomita 50, na zile 160 nyingine zikasubiri miaka. Waliozipita wanajua kwamba mchanga wa Umakonde wenyewe ni mpole kwa tairi. Ubaya uko kwenye korongo lililojificha ndani ya mchanga, linalogonga mara moja tu na kupinda tai rodi, fimbo ya usukani inayolielekeza tairi.

Fundi wa kweli huanza na kiganja. Anakipitisha juu ya meno ya tairi, nje kwenda ndani, kisha ndani kwenda nje. Tairi linaloburuzwa huota makali upande mmoja: mkono ukienda ni laini, ukirudi unakwaruza, na upande wa makali humwambia kama matairi yameelekea ndani kupita kiasi au nje. Halafu anapiga jeki. Anashika tairi kulia na kushoto, anatikisa. Anashika juu na chini, anatikisa tena. Tairi likicheza, mchezo wa kwanza humpeleka kwenye tai rodi endi, wa pili kwenye bolijointi au beringi. Ukipimiwa gari lenye mchezo, kipimo chako kitadumu mpaka kwenye tuta la kwanza.

Gari likishakazwa linashushwa mahali tambarare, matairi yanajazwa upepo sawasawa, usukani unafungwa katikati. Vigingi vinne, nyuzi mbili, mmoja kila ubavu, kwenye kimo cha kitovu cha tairi. Nyuzi zenyewe hupimwa kwanza: umbali kati yake uwe mmoja mbele na nyuma, na gari likae katikati yake. Hapa ndipo muda unapokwenda, na hapa ndipo mvivu anaporuka. Baada ya hapo ni rula, kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ya milimita 2 ni habari kubwa. Analegeza nati, anazungusha tai rodi robo raundi, upande wa pili nao robo, usukani usije ukakaa kombo. Analisukuma gari hatua chache matairi yatulie, anapima upya. Kwa kemba, yaani mwinamo wa tairi ukilitazama gari kwa mbele, anatundika timazi, hiyo hiyo ya mwashi.

Kwa kuwa tuko Umakondeni, kuna watakaosema jicho la fundi huyu ni la mchonga mpingo. Sikubali. Mchongaji akikuta fundo kwenye mti analigeuza goti, au jicho la shetani, na watu wanashangilia. Mpiga uzi hana pa kupitishia ubunifu. Milimita ikizidi, imezidi.

Korosho zikianza kushuka, lori la Fuso ndilo linalompima yeye. Ekseli yake ya mbele ni nzima, kwa hiyo kemba haina pa kurekebishwa. Mara nyingi kilichokatika ni senta bolti ya springi: ekseli ya nyuma inarudi nyuma upande mmoja, na lori linakwenda kiubavu kama kaa wa Mikindani. Asiye na subira atazungusha tai rodi ya mbele mpaka jioni, na kosa liko nyuma yake. Uzi uliopita matairi yote ya ubavu mmoja humwonyesha mara moja. Hata bodaboda wa Newala wana alaimenti yao, zile alama za kulia na kushoto ambapo ekseli ya nyuma inapaswa kukaa sawa, la sivyo cheni inakula sproketi.

Mijini kuna mashine za kamera, ambazo kwa dakika chache hukuandikia digrii kwenye skrini. Sina ugomvi nazo. Zinatafuta kile kile anachotafuta mwenye uzi: mstari wa katikati ya gari, na namna kila gurudumu linavyosimama mbele ya mstari huo. Kwenye kasta, ule mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona, mashine inamshinda fundi wa uzi kabisa. Lakini kamera haitikisi tairi. Bushi ikiwa imekwisha na hakuna mkono uliotangulia, skrini itawaka kijani na risiti utapewa.

Ukiwa Masasi na safari ya kupanda Newala iko mbele yako, usimwulize fundi bei kwanza. Mwulize anaanzia wapi. Akivuta uzi kabla hajatikisa tairi, washa gari uende kwa mwingine. Ukimpata mwenye kiganja, mlipe bila kumpunja, kisha mwombe akuandikie vipimo vya kabla na vya baada, uviweke kwenye gari pamoja na karatasi za bima.