Mstaafu wa Mwaka 1966

Na tumfikirie mtu mmoja wa Marekani aliyeiaga kazi siku ya mwisho ya mwaka 1965, mwenye dola 100,000 alizozidunduliza kwa jasho la ujana na utu uzima wake, nusu yake kazitia katika hisa za makampuni makubwa ya nchi yake na nusu katika hatifungani za serikali za muda wa kati, naye hana haja nyingine katika mambo ya mali ila kujua jambo moja: kila mwaka achote kiasi gani kwa masurufu ya nyumba yake, ili fedha zisimalizike kabla ya umri. Hakuwa mbadhirifu, wala hakuiweka mali yake yote mahali pamoja. Mwezi Februari wa mwaka uliofuata fahirisi ya Dow Jones ilifunga siku ikiwa 995. Mwezi Agosti 1982, baada ya miaka 16 na nusu, fahirisi hiyohiyo ilikuwa karibu 777, ilhali bei za vitu madukani zilikuwa zimepanda takriban mara 3. Pasipo taksiri yoyote kwa upande wake, mtu huyu alistaafu katika saa mbaya mno miongoni mwa saa zilizoandikwa katika daftari za soko lile.

Mtu huyo ni wa kufikirika, lakini ndiye shahidi mkuu katika kadhia mashuhuri kuliko zote za hesabu ya ustaafu. Aliyemwita kutoa ushahidi ni William Bengen, mhandisi kwa elimu, aliyesoma sayansi ya vyombo vya anga katika chuo cha MIT, akafanya kazi katika biashara ya familia yake ya kutia soda chupani huko New York, kisha akahamia California na kuwa mshauri wa fedha. Makala yake ilitoka mwezi Oktoba 1994 katika jarida liitwalo Journal of Financial Planning, na tarakimu iliyotoka humo, asilimia 4, imeenea hata watu huitaja kana kwamba ni kanuni ya maumbile, mfano wa maji kuchemka yakifikia joto lake. Nami naona kwamba tarakimu yenyewe si jambo kubwa. Kubwa ni njia aliyoipitia hata akaifikia, na hasa ni nani aliyemwuliza habari.

Desturi ya washauri wa zama zile ilikuwa kushika wastani. Kumbukumbu za soko la Marekani, zilizokusanywa na kampuni ya Ibbotson kuanzia mwaka 1926, zilionyesha kwamba hisa zilileta faida ya asilimia 10.3 kwa mwaka, hatifungani za muda wa kati asilimia 5.1, na bei za vitu zilipanda kwa asilimia 3. Mwenye kuweka sehemu 60 katika hisa na 40 katika hatifungani, basi, angetarajia faida ipitayo asilimia 8, na akiisha kuondoa 3 za mfumuko wa bei hubakiwa na 5 na ushei. Kwa nini asichote hizo 5 kila mwaka, mtaji ukabaki salama dahari? Hesabu hiyo ni safi kwa macho, na kosa lake halionekani mpaka mtu akumbuke kwamba hakuna mstaafu aliyepata kuishi katika mwaka wa wastani. Kila mmoja huishi katika miaka yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa taratibu ileile iliyokuja nayo.

Bengen akauacha wastani, akachukua kila mwaka tangu 1926 akauwekea mstaafu wake: wa 1926, wa 1927, wa 1928, na kuendelea, akampa kila mmoja mfuko ulio sawa, akamchotea kila mwaka, akautia mfuko faida au hasara ya mwaka uleule kama ilivyoandikwa, akaurudisha kila mwaka katika mgawanyo wake wa awali wa hisa na hatifungani, kisha akahesabu ni miaka mingapi fedha zilidumu. Kwa waliostaafu karibuni, ambao miaka yao ilikuwa haijatimia, aliijaza miaka ya mbele kwa wastani wa kumbukumbu, jambo ambalo hakulificha.

Ifahamike vyema maana ya asilimia 4, kwani hapa ndipo wengi hupotea. Asilimia hiyo huhesabiwa mara moja tu, mwaka wa kwanza, juu ya mali ya siku ya kustaafu. Mwenye dola 100,000 huchota 4,000. Mwaka wa pili hatazami mfuko umebaki na nini, bali hutazama bei za vitu, na ikiwa zimepanda kwa asilimia 3 huchota 4,120, na hivyo kuendelea, soko likipanda au likianguka. Muradi wake ni kwamba mkate wa mwaka wa 30 uwe sawa na mkate wa mwaka wa kwanza. Ni ahadi ngumu mno, mtu anayojipa mwenyewe mbele ya soko lisilomwahidi chochote.

Ugumu wa ahadi hiyo haumo katika ukubwa wa hasara peke yake. Umo katika wakati wa kuja kwake. Tuchukue mfuko wa dola 100,000 na miaka 4, ambayo ndani yake soko linapanda kwa asilimia 25, linapanda tena kwa 15, kisha linashuka kwa 10 na kwa 20. Asiyechota kitu humaliza na dola 103,500, na hata ukiigeuza miaka hiyo nyuma mbele, jawabu ni lilelile, maana kuzidisha hakujali kipi kimetangulia. Sasa mtu achote 4,000 mwanzoni mwa kila mwaka. Neema ikitangulia, atabakiwa na 89,968. Hasara ikitangulia, atabakiwa na 83,435. Soko ni moja, wastani ni mmoja, mtu ni mmoja, na zaidi ya dola 6,500 zimepotea kwa sababu tu ya taratibu ya siku. Aliyeuza hisa zake zikiwa zimeanguka, ili apate masurufu, ameziuza nyingi kwa fedha chache, na hisa iliyokwisha kuuzwa haimo tena mfukoni siku soko linapoinuka. Miaka 4 ikifanya hayo, miaka 10 ya mwanzo wa ustaafu yaweza kuikata kadhia yote.

Mtu angedhani kwamba aliyeumia kuliko wote ni yule wa 1929, maana tangu mwanzo wa mwaka ule hadi mwisho wa 1931 hisa za Marekani zilipoteza takriban asilimia 61 ya thamani yake. Nami nilidhani hivyo nilipoisoma kadhia hii mara ya kwanza. Lakini katika miaka ile ya dhiki bei za vitu nazo zilishuka, hivyo mstaafu aliyefuata kanuni alichota dola pungufu mwaka hadi mwaka na hali meza yake ni ileile. Fauka ya hayo, hatifungani za serikali zilileta faida na kuukinga mfuko. Adui mmoja alikuwa shadidi, lakini alikuja peke yake.

Mstaafu wa 1966 alijiwa na maadui wawili kwa pamoja. Gharama za vita vya Vietnam zilikuwa zikipandisha bei. Mwaka 1971 dola ikatengwa na dhahabu. Mwezi Oktoba 1973 vikaja vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu, na katika miaka miwili tu, 1973 na 1974, hisa zikaanguka kwa asilimia 37 huku bei za vitu zikipanda kwa 22. Bengen aliipa miaka hiyo miwili jina la Mlipuko Mkuu, kwa lugha ya wanafalaki. Hatifungani, zilizokuwa ngao mwaka 1930, safari hii hazikukinga, kwa sababu riba mpya zilipokuwa zikipanda, hati za zamani zenye riba ndogo zilipungua thamani, na malipo yake yalikuwa ya dola zilizoliwa na mfumuko. Kufikia 1982 masurufu yaliyoanza kwa dola 4,000 yalikuwa yamekaribia 12,000 kwa mwaka, yakitolewa katika mfuko ambao hisa zake, kwa bei, hazikuwa zimesogea. Hilo ndilo lililowaua wenye kuchota asilimia 5 na zaidi: hawakuishiwa kwa sababu soko lilianguka, bali kwa sababu walilazimika kuuza zaidi kila mwaka katika soko lililosimama pale pale.

Na aliyechota 4? Alivuka, kwa kukwaruza. Benki Kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ilikuwa imekwisha kupandisha riba hata hatifungani za miaka 10 zikalipa zaidi ya asilimia 15, na kuanzia kiangazi cha 1982 hisa na hatifungani zote mbili ziliinuka kwa miaka mingi mfululizo, zikaukuta mfuko wa mzee wetu umedhoofu lakini u hai. Bengen aliandika kwamba katika miaka yote aliyoipima, hakuna aliyeanza kwa asilimia 4 ambaye mfuko wake ulikauka kabla ya miaka 33. Sharti lake lilikuwa kwamba hisa zisiwe chini ya nusu ya mfuko, wala zisizidi robo tatu. Woga uliopita kiasi, ule wa kukimbilia hatifungani tupu, ulikuwa na hatari yake, nayo ilikuwa kubwa kuliko wengi walivyodhani.

Hatari hiyo ilitiwa tarakimu mwaka 1998 na walimu watatu wa chuo cha Trinity huko San Antonio, Texas: Philip Cooley, Carl Hubbard na Daniel Walz. Wao hawakuuliza ni kiasi gani kilichodumu daima; waliuliza kilidumu mara ngapi. Walichukua kumbukumbu za 1926 hadi 1995, wakatumia hatifungani za makampuni za muda mrefu mahali pa zile za serikali, wakapima vipindi vya miaka 15 hadi 30. Kwa uchotaji wa asilimia 4 unaofuata mfumuko wa bei, kwa miaka 30, mfuko wa nusu kwa nusu ulidumu katika asilimia 95 ya vipindi. Wenye robo tatu za hisa, asilimia 98. Wenye robo moja, asilimia 71. Na ule wa hatifungani peke yake, asilimia 20.

Tarakimu hizi zimesomwa na wengi kama yakini, nami nawaomba wasomaji wazipekue kidogo. Kuanzia 1926 hadi 1995 ni miaka 70, na ndani yake mna vipindi 41 vya miaka 30, kila kimoja kikianza mwaka mmoja baada ya mwenziwe. Kwa hiyo asilimia 95 ni vipindi 39 katika 41, na asilimia 98 ni 40. Lile pengo linaloonekana kubwa kati ya mfuko mmoja na mwingine ni kipindi kimoja. Tena vipindi hivyo si mashahidi 41 waliokuja kila mmoja kwa njia yake, maana kile kilichoanza 1965 na kile kilichoanza 1966 vimeshiriki miaka 29. Vipindi visivyogusana kabisa havizidi viwili. Mahakama yenye mashahidi wawili, wote wa ukoo mmoja, haiwezi kukata hukumu ya ulimwengu mzima.

Mtafiti Wade Pfau alilionyesha jambo hilo mwaka 2010 kwa kuitoa hesabu nje ya Marekani. Alipima nchi 17 zilizoendelea kiviwanda kwa kumbukumbu zilizoanza 1900, akampa kila mstaafu hisani isiyopatikana duniani, yaani kuchagua mgawanyo uliofaa kuliko yote kana kwamba ameyaona ya mbele. Na hata hivyo asilimia 4 ilisalimika katika nchi 4 tu: Marekani, Kanada, Sweden na Denmark. Japani, iliyoangamizwa na vita na mfumuko wa bei, haikufika hata asilimia 1. Kumbe asilimia 4 ilikuwa kumbukumbu ya taifa moja katika karne yake ya neema, na mabaya yake makubwa ni ya mstaafu wa 1966, ambaye mji wake haukupigwa bomu wala fedha yake haikugeuka karatasi tupu.

Kwa sababu hiyo sioni vyema mstaafu wa Tanzania, ambako neno kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya ustaafu, limekuwa la kila kinywa tangu mabishano ya mwaka 2018 juu ya mafao ya mkupuo, auchukue mkupuo wake na kuuchotea asilimia 4 kwa kuwa Mmarekani alifanya hivyo. Tarakimu hiyo haina kwao hapa. Kinachosafiri ni swali: katika nchi hii, kwa bei zake na soko lake, aliyestaafu siku mbaya kuliko zote angesalimika kwa kiasi gani?

Yako pia yaliyoachwa nje ya hesabu. Ada za washauri na kodi hazikuhesabiwa, na mwenye kulipa asilimia 1 ya mali yake kila mwaka kwa mtu wa kumwangalizia amekwisha kupunguza masurufu yake kabla ya kuonja. Kwa upande wa pili, wengi walioanza katika miaka mingine wangalimaliza miaka 30 wakiwa na dola nyingi kuliko walizoanza nazo. Walijinyima safari na zawadi za wajukuu kwa ajili ya hatari iliyompata mwingine. Jambo hili linanigusa, kwa kuwa kujinyima uzeeni hakurudishwi.

Bengen mwenyewe hakukaa juu ya tarakimu yake. Alipoongeza hisa za makampuni madogo kiwango kilipanda kufikia 4.5, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2025, mfuko ukiwa umetawanywa katika namna zaidi za mali, ameandika 4.7. Mstaafu wake mbaya, hata hivyo, bado ni wa zama zilezile, safari hii aliyeanza Oktoba 1968. Yupo mmoja tu anayeweza kumwondoa katika kiti hicho: aliyestaafu Januari 2000, akapokewa na miaka 3 mfululizo ya hasara, akapigwa tena mwaka 2008 hisa zilipopoteza asilimia 37, na mwaka 2022 akakuta bei zimepanda kwa asilimia 8. Miaka yake 30 itatimia mwishoni mwa 2029.