Kutoka Pangani hadi Lugalo: Vita vya Wadachi katika Fasihi ya Kiswahili

Pwani ilimjua Emil von Zelewski kwa jina la Nyundo. Ndiye aliyefika Pangani mwezi Agosti 1888 akiwa wakala wa kampuni ya Kidachi, akataka kumdunisha Liwali wa Sultani na kupandisha bendera ya kampuni. Ghadhabu aliyoiwasha ilifungua vita ambavyo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia utenzi wake wa Wadachi kutamalaki Mrima. Kwa wengi wa pwani habari za Nyundo huishia hapo. Bara zinaendelea miaka mitatu zaidi: tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, majeshi ya Mkwawa yalimvizia njiani na kikosi chake, na kwa muda mfupi Wazungu 10 na askari zaidi ya 200 wakalala chini, Nyundo mwenyewe akiwamo.

Mtu aliyetenda pwani akalipwa bara angetosha riwaya nene katika lugha yoyote. Kwa Kiswahili tunazo tenzi, tunazo tamthilia, tunavyo vitabu vya vijana. Ama riwaya ya watu wazima inayovibeba vita vya Nyanda za Juu Kusini kwa uzito wake wote, hiyo bado inangojewa. Si kwamba mali ghafi ni haba.

Wadachi wenyewe hawakungoja. Magdalene von Prince, mke wa afisa aliyeijenga Iringa ya Kijerumani, alitoa kumbukumbu zake mjini Berlin mwaka 1903. Ernst Nigmann, aliyekuwa na amri huko Iringa, akatoa kitabu chake juu ya Wahehe mwaka 1908. Tom von Prince akatoa chake juu ya vita dhidi ya Waarabu na Wahehe mwaka 1914, mwaka uleule alioanguka vitani Tanga. Watunzi hawa walikuwa na wachapishaji, na wachapishaji walikuwa na wanunuzi. Mwandishi wa leo anayeitafuta Iringa ya wakati ule atakutana nao kwanza, naye hana budi kusoma kwa hadhari, hata pale wanapomsifu Mkwawa. Adui akipambwa kwa ushujaa, aliyemshinda huzidi kupambika.

Upande wa Kiswahili, Mugyabuso Mulokozi, mzaliwa wa Bukoba, aliandika tamthilia *Mukwava wa Uhehe*, iliyotolewa na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1979. Miaka kadhaa baadaye akavirudia vita vya Wahehe katika riwaya ya vijana, *Ngome ya Mianzi*. Juhudi hizi zina thamani kubwa, kwani zilimtoa Mkwawa katika vitabu vya Mjerumani na katika kabati la makumbusho ya Kalenga, linamokaa fuvu lililorudishwa na Gavana Twining mwaka 1954. Lakini ni maandishi ya zama zilizotaka mashujaa wa taifa, na jina la tamthilia linasema mapema nani atasimama katikati ya jukwaa.

Ebrahim Hussein, mwana wa Lindi, alikuwa ameonyesha njia nyingine miaka 10 kabla. Kinjeketile wake wa mwaka 1969 ni mtu aliyeshikwa na neno lake mwenyewe. Amelitoa ili kuunganisha watu, limemponyoka, na mwisho, akiwa kifungoni, hawezi kulikana hata kama kulikana kungemwokoa. Hussein aliwatahadharisha wasomaji kwamba huyu wa jukwaani si yule wa historia. Tahadhari hiyo ndiyo iliyompa uhuru wa kuweka shaka ndani ya ushujaa. Tangu hapo kila anayeandika juu ya Mjerumani hupimwa kwa kipimo hicho, apende asipende.

Na ukipima kwa kipimo hicho, kilichokosekana katika habari za Nyanda za Juu ni Mbeya. Haisemwi hapa Mbeya mjini, ambao ni mji wa miaka ya 1920, wakati wa Mwingereza. Boma la Mjerumani upande ule lilikuwa Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Inasemwa Usangu, ambako leo ni mkoa wa Mbeya. Watemi wake wa jina la Merere walikuwa wamefukuzwa katika nchi yao na Wahehe. Mjerumani alipokuja kupigana na Mkwawa, wao waliona mlango wa kurudi nyumbani, wakaungana naye, na Utengule ikarejea mikononi mwao. Je, huyo ni msaliti? Kwa mizani ya taifa lililozaliwa miaka 60 na zaidi baadaye, jibu ni jepesi. Kwa mtu aliyezaliwa uhamishoni akisimuliwa makaburi ya babu zake, si jepesi hata kidogo.

Kisha pindua ukurasa. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, Wabena wa Njombe waliinuka na kuishambulia misheni ya Yakobi, ilhali wapiganaji wa Kihehe walitoka Iringa pamoja na Nigmann kwenda kuwasaidia Wajerumani. Miaka 7 tu! Mtunzi wa tamthilia ya shujaa mmoja hana pa kuwaweka watu hawa. Mtunzi wa riwaya anapo, maana riwaya huvumilia sauti zinazopingana katika nyumba moja: baba aliyepigana Lugalo na mwana aliyekula mshahara wa boma.

Kwa nini basi haijaandikwa? Lawama zimezoea kumwendea mwandishi. Biashara ya vitabu nayo inahusika, na pengine zaidi. East African Literature Bureau, iliyoanza mwaka 1948, ilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. East African Publishing House iliyomtoa Mukwava ilianguka katika miaka ya 1980. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilidhoofika, na Walter Bgoya aliyeiongoza akaanza Mkuki na Nyota mwaka 1991. Katika mapito hayo yote mnunuzi wa kutegemewa alibaki mmoja, naye ni shule. *Kinjeketile* imeishi kwa sababu ya ubora wake, lakini pia kwa sababu ilisomeshwa sekondari kizazi baada ya kizazi.

Shule ni mlezi mwema, ila ina masharti. Inataka kitabu kifupi, dhamira zinazohesabika, na mhusika ambaye mwanafunzi ataweza kusema katika mtihani kama ni mwema au mbaya. Merere hafai kwa swali la namna hiyo. Mchapishaji anayeujua mkoba wake atamshauri mwandishi apunguze kurasa, amwache Mkwawa abaki peke yake, na amwandikie mtoto wa miaka 14. Hata Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyoanza mwaka 2022 na kuwapa watunzi matumaini mapya, inasimamiwa na Taasisi ya Elimu.

Aliyekwenda mbali zaidi na Mjerumani ni mwana wa Unguja, na amekwenda kwa Kiingereza. Abdulrazak Gurnah, katika *Afterlives* ya mwaka 2020, anamfuata Hamza, kijana anayejiunga na jeshi la Mjerumani kwa hiari yake na kutoka vitani akiwa na jeraha, bila ya msimulizi kumhukumu. Mchapishaji wake wa London hakuhitaji ruhusa ya mtaala. Mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, Mkuki na Nyota walitoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake ya 1994, hadithi inayofika ukingoni mwa vita vya 1914 askari wakikusanya vijana. Kiswahili chake kinasomeka kana kwamba kitabu kiliandikwa kwetu tangu mwanzo. Nacho si kitabu cha mtoto wa miaka 14, na kimepata wasomaji wake.