Nyoka Kifuani

Katika tamthilia ya pili ya utatu wa Oresteia, iliyochezwa Athens mwaka 458 KK, Aeschylus anampa Clytemnestra, malkia aliyemuua mumewe, jinamizi: amezaa nyoka, amemfunga nguo za kitoto, amempa titi, na maziwa yametoka na damu. Anaamka akipiga kelele. Ila si yeye anayetusimulia. Wajakazi ndio wasimuliaji, na mwanawe Orestes, aliyekuja kumuua, ndiye mtafsiri: nyoka ni mimi.

Wengi husema ndoto ilitimia. Mimi namwona Orestes akiigeuza kibali. Baadaye yaya mzee anadai kwamba ndiye aliyemlea Orestes tangu uchanga. Basi huenda titi la ndotoni ni lile ambalo mama hakulitoa, na jinamizi lake limebeba hofu pamoja na hamu ya mtoto aliyempeleka mbali.

Mwishoni anamwonyesha Orestes titi hilo. Orestes anasita, anamuuliza rafiki yake Pylades afanyeje. Pylades anamkumbusha amri ya Apollo. Kwa muda mfupi kabla ya jibu hilo, ndoto ya mama ilikuwa bado haijapata tafsiri.